Banza Rigobert, Mpishi wa Kambi ya Dubu

Ba papa na ba maman, majirani wa Molenbeek hapa Brussels, wafanyakazi wa jikoni ya hospitali kule Jette, na ninyi wa nyumbani Likasi mnaotusikiliza kwa ile simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji, mimi ni Berthe Banza, dada mkubwa wa marehemu, nimesoma mpaka darasa la sita kwa masista na si zaidi, donc anayetaka Kifaransa cha juu amngoje padri, mimi nitasoma niliyoandika kwa mkono wangu, na nitasoma polepole kwa sababu miwani hii ni ya zamani.

Kabla ya kuanza niseme kile ambacho kila mtu humu ndani anakiwaza, kwa sababu tangu Alhamisi ya wiki jana watu wananong'ona kwenye ngazi za Maman Régine kana kwamba wenye nyumba ni viziwi. Mdogo wetu Bienaimé aliye Likasi, na wajomba walio pamoja naye, wanadai mwili upande ndege Jumanne, marehemu akazikwe kule karibu na baba yetu. Mjane, Maman Régine, anaomba azikwe hapa, na kaburi limeshafunguliwa Jette. Pande zote mbili zilikubaliana kwamba mimi kama mkubwa ndiye nitakayekata neno, na kwamba nitalikata nikishasoma maisha yake, si mbele ya hapo, maana mtu anazikwa kufuatana na alivyoishi, si kufuatana na nani anapiga kelele zaidi kwenye simu. Bon, tuanze.

Marehemu Banza Rigobert alizaliwa Likasi, mtaa wa Kikula, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa nne kati ya watoto watano wa Papa Banza Ilunga, mfanyakazi wa kiwanda cha shaba, na Maman Priscille Ngoie, mimi nikiwa wa kwanza na Bienaimé wa mwisho. Alizaliwa na kichwa kikubwa, mama alimlaumu kwa kichwa hicho mpaka siku mama alipokufa. Kila kiangazi, baba alipopata likizo, alikwenda upande wa Mitwaba kwa ndugu zake waliokuwa wawindaji, akamchukua Rigobert, ambaye hakushika bunduki hata mara moja, alibaki kambini na sufuria, akipuliza moto na kukoroga. Kule kambini kulikuwa na desturi, na muiweke kichwani kwa sababu itarudi: mwindaji wa kwanza aliyeua anapoonekana njiani, aliye jikoni anagonga kifuniko cha sufuria na kupiga vigelegele kwa nguvu zake zote, ili wengine walioko porini wajue nyama imepatikana, waje kusaidia kuibeba.

Masomo ya msingi aliyaanza Septemba 1967, akayamaliza Juni 1973, kisha akaingia sekondari, ambako hakuwa hodari, tusidanganyane mbele ya jeneza, alirudia mwaka mmoja na walimu walisema anatazama dirishani. Mwaka 1979 alipata kazi ya jikoni katika nyumba ya wageni ya kampuni ya migodi, pale pale Likasi, akajifunza sosi za wazungu na namna ya kunyamaza wakubwa wanapozungumza, na vitu hivyo viwili vilimlisha maisha yake yote.

Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na Kabeya Régine, mshona nguo, aliyezaliwa Kikula hapo hapo, nyumba chache kutoka kwetu, wa wazazi waliotoka Kasai. Wajomba wetu walikula karamu na walinung'unika, kwa kazi zote mbili walikuwa na mdomo. Mungu akawapa watoto wawili, Sephora mwaka 1989 na Dan mwaka 1991, wote wako hapa mbele, Dan nyoosha tai.

Mwaka 1992, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi, wakawa wanalala na vyombo vyao kwenye kituo cha reli wakingoja treni isiyojulikana itakuja lini, Régine naye alitolewa nyumbani na watoto wake, mmoja mkononi, mmoja mgongoni. Rigobert alikuwa Mukatanga kamili, mwenyeji wa mkoa, hakuna aliyemgusa, kazi yake ilikuwa inamngoja, na wajomba walimwambia wazi, tena kwa sauti ya kumhurumia, "Mwanamuke anaenda kwabo, weye ubaki, tutakutafutia mwingine." Alichukua sufuria yetu kubwa na kifuniko chake, mama akalilia sufuria kuliko alivyomlilia mwana, akaenda akakaa kituoni kwa mke wake, akawa anapika uji kwa watu wa upande ule wa reli mpaka treni ilipokuja, akapanda nayo kwenda Kasai, nchi asiyoijua, yenye lugha asiyoisema. Hayo nayasema bila hasira, yameshapita, lakini aliyekuwa Likasi wakati huo anajua nani alikuwa wapi.

Tarehe 17 Novemba 1996 walifika Brussels, nikawapokea mimi Molenbeek, ambako nilikuwa naishi tangu 1985 na mume wangu marehemu, tukabanana watu sita katika vyumba viwili, na Régine alishona mapazia ya mtaa mzima. Tarehe 3 Februari 1998 Rigobert aliajiriwa jikoni katika hospitali kubwa ya Jette, alianza kwa kuosha vyombo, akaishia kupika supu, na alibaki huko mpaka ugonjwa ulipomtoa.

Sasa nafika kwenye dubu, na naona mmeacha kukohoa.

Majira ya baridi ya mwaka 2009 alilazwa pale hospitalini mzee mmoja, Monsieur Wauters, aliyevunjika nyonga, mwenye pesa na ulimi mrefu, akauliza nani anapika supu hii, akaitiwa Rigobert. Yule mzee alikuwa mwindaji, kila mwaka mwezi wa Mei alikwenda Canada, upande wa Abitibi huko Québec, katika kambi ya mwanamke mmoja mjane, Thérèse, anayepokea wazungu wa Ubelgiji na Ufaransa wanaotaka kuua dubu mweusi. Mpishi wa kambi hiyo alikuwa ameacha kazi, na Monsieur Wauters akamwambia ndugu yangu kwamba mtu anayeweza kuwafanya wagonjwa wamalize sahani anaweza kuwalisha wawindaji pia. Rigobert akaomba likizo, akaongeza ruhusa isiyo na mshahara, akaenda, naye alikuwa hajamwona dubu popote, alimsikia tu akitajwa kanisani.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, ili msifikiri walikuwa wanakimbia porini na mikuki. Msaidizi wa Thérèse anaweka chambo msituni, mikate mitamu iliyolala na molasi, mwindaji anapelekwa alasiri na gari, anapandishwa kwenye jukwaa lililofungwa juu ya mti, anakaa kimya na mbu wake mpaka jua linapotaka kuzama, saa ambayo dubu anatoka kuja kula, kisha gari linampitia na kumrudisha. Ndiyo hivyo. Mtu analipa ndege kwenda kukaa juu ya mti.

Jioni ya kwanza, Mei 2009, mwenye bucha mmoja wa upande wa Namur aliua mapema, gari likamrudisha kambini na dubu wake nyuma, na Rigobert alipomwona alifanya lile alilofundishwa Mitwaba tangu utoto, alishika kifuniko cha sufuria kubwa na upawa, akatoka uwanjani, akagonga, akapiga vigelegele, akazunguka gari lile mara kadhaa. Kambi iko kando ya ziwa, na sauti juu ya maji inakwenda mbali. Wawindaji watano walikuwa bado juu ya miti yao, ile saa yenyewe ya dubu, mmoja aliapa kwamba kidole kilikuwa tayari, na kila kilichokuwa na miguu katika msitu ule kilikimbia. Walirudi wakitukana kwa Kiwaloni, wengine kwa Kiflamand, Thérèse aliwazidi wote kwa kutukana, akamwambia Rigobert, "Kesho unapanda ndege, na kifuniko chako!"

Sasa, mtu mwingine angekwenda kulala. Rigobert alitandika meza, akaomba radhi mara moja, si mara mbili, akaleta supu, na alipofika kwa kila mmoja aliuliza kwa adabu ile ya nyumba ya wageni, "Na yako, patron, ilikuwa kubwa namna gani?" Basi wakaanza. Wa kwanza akasema dubu wake alikuwa kama pikipiki, wa pili akasema wake alikuwa kama ng'ombe, wa tatu akainuka kwenye kiti kuonyesha mabega, na yule mwenye bucha, aliyekuwa na dubu wa kweli nje kwenye gari, akajikuta ndiye mwenye mnyama mdogo kuliko wote. Rigobert alisimama na upawa akisikiliza, hakucheka, hakumkatiza mtu. Walipofika kwenye jibini ya mwisho wa mlo walikuwa wanaimba. Asubuhi Thérèse akaingia jikoni, akamwambia, "Unabaki. Lakini hicho kitu utakigonga wote wakisharudi, sikia, wote." Ikawa sheria ya kambi, na mpaka mwaka wa mwisho wake, isipokuwa ile miaka miwili ya corona, haikuvunjwa.

Huku nyuma, kanisani kwetu, watu wenye muda mwingi walikuwa na maelezo mengine. Walisema Papa Rigobert ana mwanamke Canada, wengine walisema ana mtoto, mmoja, na ameketi safu ya tatu kwa hiyo nisimtazame, alisema anakula nyama ya dubu ili apate nguvu za kizungu. Régine alivumilia miaka mitano. Mwaka 2014 alinijia, hakulia, alisema tu, kama tunavyomwita dada mkubwa, "Yaya, weye uende uone, ukisema iko, nitaamini, ukisema haiko, nitaamini." Nikaenda, Mei ile, kama msaidizi wa kumenya viazi, nikiwa na miaka sitini na miwili na magoti haya haya.

Mwanamke alikuwako, mmoja, Thérèse, mwenye umri wa miaka sabini na viatu vya mpira, anayevuta sigara akikata kuni. Nilimpigia Régine simu siku ile ile, nikamwambia, "Lala."

Nikabaki, kwa kuwa tiketi ilikuwa ya wiki tatu, nikawatazama hao wawindaji kutoka dirisha la jikoni, na niwaambie nilichoona. Siku ya kwanza wote wanataka dume kubwa, wanamuuliza msaidizi wa Thérèse juu ya upepo, juu ya chambo, juu ya urefu wa makucha, wanafungua bunduki na kuzifunga kama wanawake wa harusi na vipochi vyao. Siku ya pili wanataka soksi kavu. Siku ya tatu wanataka dawa ya mbu, na kitanda kisicholia, na kujua kama kahawa iko tayari kabla ya saa kumi na mbili. Siku ya nne wanaanza kuja jikoni mmoja mmoja, bila sababu, wanashika mlango, wanasema, "Bon, Rigobert, kuna nini leo?" na kumbe wameshaambiwa kuna nini, wanataka tu kusimama pale penye joto na mtu anayewajibu. Wakubwa wa kampuni, mimi nimewaona, wanamenya kitunguu kwa heshima.

Jioni moja gari lilirudi bila Monsieur Wauters, yule yule wa nyonga, aliyekuwa amezeeka sana. Msaidizi alisema amemkuta hajawa tayari, mzee amemfukuza kwa mkono, anataka kubaki kidogo, naye atamrudia. Sahani zilikuwa mezani, supu ya kunde, watu wameketi na vijiko mkononi, na Rigobert hakupakua. Wakaanza, "Rigobert, tuna njaa!" naye, "Bado mutu moja." Mmoja akasema, "Wewe ni mpishi au polisi?" akajibu, "Leo niko mpishi, patron, kesho tutaona." Mimi mwenyewe nilimwambia, "Supu inapoa," akasema, "Tutaipasha, Yaya," akachukua taa, akaiweka dirishani, akasimama mlangoni na kifuniko mkononi kama mtumishi wa misa.

Mzee aliletwa kumeshakuwa giza, na alipoulizwa alisema ukweli, jambo ambalo sikulitegemea kwa mwindaji. Alisema dubu alikuja, dume, mkubwa kuliko wote aliowahi kuona, akakaa chini ya mti wake, akala mikate mmoja baada ya mwingine, naye alimtazama mpaka mwisho na hakupiga, na hajui kwa nini, na baada ya hapo aliona aibu kushuka. Rigobert akagonga kifuniko, kwa nguvu ile ile, vigelegele vile vile. Mwenye bucha wa Namur, ambaye naye alikuwako mwaka ule, akasema, "Lakini hakuua!" na Rigobert akamjibu, "Amerudi," akaanza kupakua. Yule mzee alikula sahani tatu, na aliendelea kwenda kila Mei mpaka alipokufa, bila kupakia risasi, wote walijua na hakuna aliyesema.

Usiku ule tukiosha sufuria nilimuuliza ndugu yangu hawa watu wanatafuta nini hasa, na aliniambia, nayaandika kama alivyoyasema kwa Kiswahili chetu cha Likasi, chenye ba pahali pa wa, "Yaya, habakuje juu ya dubu. Dubu hata kwa televisheni iko. Kwabo bananunua chakula, banakula peke yabo. Banataka muntu moja abangojee, na akiona habayarudi bote, asile." Kisha akaniambia nikaushe vizuri, naacha maji.

Safari yake ya mwisho ilikuwa Mei 2024, Thérèse akiwa amezeeka na kuuza kambi, akampa Rigobert kile kifuniko kama zawadi, kimebonyea katikati kama kofia ya mlevi, akakibeba kwenye ndege mpaka Molenbeek, na forodhani walikipitisha mara mbili kwenye mashine.

Ugonjwa ulionekana Februari 2025, saratani ya kongosho, na madaktari walimwambia bila kuzunguka, jambo alilolishukuru. Alitibiwa Jette, hospitali ile ile aliyoipikia, na supu aliirudisha mara ya kwanza akisema chumvi ni kidogo. Kila aliporudi kutoka kwenye dawa, Régine alisimama juu ya ngazi na kugonga kifuniko, jirani wa chini akagonga dari kwa fagio, mpaka alipoelezwa sababu, na kuanzia hapo alifungua mlango wake na kugonga sufuria yake mwenyewe, yule Papa Hamza, naye yuko hapa leo. Alhamisi tarehe 2 Oktoba 2025 nilikuwa naye asubuhi, Régine alikuwa amekwenda nyumbani kubadili nguo, Rigobert akaniuliza, "Régine ameingia?" nikasema bado, akasema, "Basi tungoje." Alingoja. Régine aliingia, akavua koti, akaketi, akamshika mkono, na saa sita na dakika kumi ndugu yangu aliondoka, akiwa na miaka sitini na minne, akiacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, mdogo wetu Bienaimé na mimi, ambaye nilitakiwa kutangulia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Jette, hasa yule muuguzi wa usiku aliyekuwa anamwacha Régine alale kwenye kiti ingawa kanuni inakataza, inawashukuru wenzake wa jikoni waliokuja leo na vyakula tukiwa tumewaambia wasilete, inamshukuru Papa Hamza na wapangaji wote wa jengo, parokia kwa ukumbi huu, Maman Thérèse aliyetuma shada kutoka Canada lenye utepe ulioandikwa neno moja tu, "Amerudi", na wote waliochanga, na wale ambao hawakuchanga lakini wamekuja mapema kushika viti vya mbele.

Sasa neno langu. Bienaimé, sogea karibu na simu. Unasema Rigobert alikuwa anasema atarudi nyumbani, ni kweli, alisema, na mimi nasema hivyo kila Januari, kila mtu wa huku anasema, ni kama kupiga chafya. Lakini usitazame alisema nini, tazama alikwenda wapi. Mwaka 1992 nyumbani kulikuwa Kikula, na kazi, na baba, na mama, na sufuria, naye alikwenda kukaa kituo cha reli kwa sababu mke wake alikuwa kituo cha reli. Ukimpeleka Likasi leo nani atamngojea? Nyumba ya baba umeiuza. Régine hawezi kupeleka maua kwenye mtaa uliomtoa na watoto mgongoni, na wewe, nikuulize mbele ya watu, kaburi la mama ulilifyeka lini? Ndugu yangu atazikwa Jette leo saa nane, Régine atakwenda kwa basi moja bila kubadili, na Jumapili atamweleza habari za wiki, naye atasikiliza bila kumkatiza, kama alivyozoea.

Utaratibu ni huu. Tukitoka makaburini tunarudi wote humu ukumbini, hakuna kupitia dukani, hakuna kusimama kuvuta sigara, vyakula viko tayari lakini hakuna atakayeshika kijiko. Régine atasimama pale mlangoni na kifuniko, na akishaona wa mwisho wetu ameingia, atakigonga, mara moja kwa ajili yetu na mara moja kwa ajili ya Rigobert, halafu tutakula. Bienaimé, usikate simu, nawe usikie.

Pumzika, Rigobert, kwa amani ile uliyowapakulia wengine, usihangaike na mlango, safari hii tunangoja pale sisi.